Nilivyojenga tela la kulalia safarini, na njia mbovu ilivyonilazimisha kulijenga upya

Tela langu nililimaliza mara mbili. Mara ya kwanza ni siku nilipopiga rangi ya mwisho kwenye madigadi, nikarudi nyuma hatua kumi, nikalitazama mpaka giza likaingia. Mara ya pili ni miezi mitano baadaye, baada ya njia mbovu kulilegeza na kulijaza vumbi, nami kulifungua na kulifunga upya kipande kwa kipande. Wanaoniuliza habari zake hutaka kusikia ile ya kwanza. Mimi naona elimu kubwa iko katika ile ya pili, ila haieleweki bila kuanza mwanzo.

Asiyelijua umbo lenyewe achukue tone la maji alilaze ubavu: mbele ni mviringo, kisha mgongo unateremka polepole hadi nyuma. Matela ya namna hii yalianza kupendwa Marekani katika miaka ya 1930, na mengi yamejengwa na watu wenyewe nyumbani kwao. Ndani hamna kitu ila kitanda, kusimama haiwezekani. Jiko liko nyuma, kwa nje, chini ya kifuniko kinachoinuka na kuwa paa lako unapopika. Nililipenda kwa sababu halizidi kimo cha gari linalolivuta, kwa hiyo upepo haulikamati. Tena ubavu mzima unatoka kwenye karatasi moja ya plaiwudi, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Hilo ndilo lililonivuta zaidi, maana pasipo na kiungo maji hayana pa kupenya.

Matela mengi ya umbo hili ni ya lami: magurudumu madogo, tumbo karibu na ardhi. Langu nilitaka lipite kwenye mawe, mchanga na makorongo, hivyo kazi ilianzia chini. Chasisi niliijenga kwa bomba la chuma la mraba, milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Nilikata na kupanga mwenyewe, nikashikiza vipande kwa vidonda vidogo vya moto, kisha nikamwita fundi mmoja mzee aliyeunda matela ya mizigo maisha yake yote. Alipitisha kiganja pale mkono wa kuvutia, yaani bomba refu la mbele linalofungwa kwenye gari, unapopita chini ya boriti ya mbele.

“Hapa ulitaka kuchomelea kukatisha?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi hapa ndipo litakapokatikia, kijana wangu.”

Akanieleza kwamba kila tela linaporuka, upande wa chini wa lile bomba unavutwa, na mstari wa kuchomelea uliokatisha upana wake ndio unaokuwa mwanzo wa ufa. Tukachomelea kufuata urefu wa bomba, pande zote mbili, ncha tukaziacha bila moto. Nimelala chini ya tela hilo na tochi mara nyingi tangu siku ile, na sijaona hata unywele wa ufa mahali hapo.

Ekseli niliiweka sentimita 146 kutoka mbele ya bodi, ambayo ni asilimia 60 ya urefu wake. Rimu na tairi ni sawa na za gari, na upana kati ya gurudumu na gurudumu ni uleule. Kwa hiyo tairi moja la akiba linafaa kote, na kwenye mchanga tela linafuata njia ambayo gari limekwisha kuipasua. Kuliunganisha tela na gari, sikutumia kile kiungo cha kawaida chenye mpira wa chuma wa milimita 50. Nilifunga kinachozunguka pande zote, kwa sababu kwenye korongo gari huweza kuinamia kushoto huku tela limeinamia kulia.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchora ule mkunjo wa mgongo. Nilitia nukta saba kwenye plaiwudi, nikapigilia msumari kwenye kila nukta, nikapitisha juu yake ufito wa mbao laini wa unene wa milimita 6. Kisha nikalala kifudifudi, jicho moja nimelifumba, nikautazama ufito kutoka ncha hadi ncha. Kwenye msumari wa tano palikuwa na kinundu. Kwa kipimo kilikuwa kidogo sana, lakini jicho lilikuwa linakwama pale kila mara. Niliung'oa ule msumari, na ufito ukajirudisha wenyewe, ukateremka kama milimita 8, ukakaa. Sikuugusa tena. Mkunjo uliochorwa na ufito una utulivu ambao hesabu zangu hazikuupata. Mbavu zote mbili nilizibana pamoja kwa vibanio na kuzipiga msasa kama ubao mmoja, zikatoka pacha.

Mbavu ni plaiwudi ya milimita 18. Paa ni tabaka: plaiwudi ya milimita 3 ndani, mataruma (mbao za kushikilia paa), povu gumu la milimita 25, plaiwudi nyingine ya milimita 3, kisha bati la alumini la milimita 1. Plaiwudi ya mbele, penye mkunjo mkali, niliilowesha kwa maji ya moto na kuifunga kwa mikanda usiku kucha ndipo ikakubali. Alumini nayo haitaki kubanwa. Karatasi ya mita 2.44 hurefuka zaidi ya milimita 2 joto likipanda nyuzi 40, na ukiibana kila mahali itafanya mawimbi. Niliiacha ielee, nikaishika pembeni tu kwa pembe za alumini. Na popote ilipokutana na chuma cha chasisi nilitenganisha kwa ukanda wa mpira, kwa maana metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Kuhusu kuziba maji nina msimamo, na sitaubadili: silikoni isiingie kwenye kiungo chochote cha paa. Inabanduka pale bodi inapocheza, haishiki rangi, na siku ukitaka kurekebisha, hakuna kitakachong'ang'ania juu ya mabaki yake. Tumia utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo. Haukauki, na kila unapokaza skrubu unatoka kidogo pembeni; unaukata kwa kisu cha mbao. Kingo za plaiwudi nilizipaka epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, mara tatu kabla ya kuzifunika, kwa kuwa maji huingilia ukingoni, kwenye zile nyuzi zilizokatwa.

Umeme haukunisumbua. Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100, ambayo ni kama wati-saa 1,280. Jokofu dogo la kompresa linatumia karibu nusu yake kwa siku, na paneli ya sola ya wati 120 hurudisha kiasi hicho siku yenye jua zuri. Fyuzi kuu iko shibiri moja kutoka kwenye betri, si mbali zaidi, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Mtungi wa gesi uko nje, na ndani hakuwashwi moto wa aina yoyote.

Sasa ile mara ya pili.

Safari ya kwanza, kwenye lami, mteremko mrefu, kilometa 85 kwa saa. Tela likaanza kupunga mkia. Kwanza kidogo, kama mtu anayekugusa bega, kisha kila mpungo ukawa mkubwa kuliko uliopita, na usukani ukawa mwepesi mikononi. Niliondoa mguu kwenye mafuta, sikugusa breki, nikashika usukani umenyooka mpaka likatulia. Kijasho chembamba kilinitoka. Nilisimama kando ya barabara robo saa nzima kabla ya kuwasha gari tena.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la uzito. Tangi la maji la lita 60 nilikuwa nimeliweka chini ya jiko, sentimita 70 nyuma ya ekseli, kwa sababu bomba linakuwa fupi. Betri nayo ilikuwa hukohuko nyuma. Niliporudi nilichukua mizani ya bafuni, nikasimamisha juu yake kipande cha mbao cha kimo kilekile cha kiungo cha gari, nikashusha mkono wa tela hapo. Kilo 41. Tela zima, likiwa na mizigo, lilikuwa kilo 640. Mkono wa kuvutia unapaswa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Wangu ulikuwa unabeba 6 na kidogo. Nilihamisha tangi hadi sentimita 50 mbele ya ekseli, na mizani ikasoma 67. Nikaitoa betri, nikaipeleka kwenye sanduku lililo juu ya mkono wenyewe: 79. Tangu hapo halijapunga tena, hata malori makubwa yakinipita. Ningepima kabla ya kupaka rangi, nisingelazimika kukata sakafu mpya kwa msumeno.

Springi zilikuwa kosa la pili. Nilinunua zinazobeba tani moja na nusu nikidhani nguvu ikizidi ni heri. Chini ya kilo 640 hazikuwa zikikunjika kabisa. Kwenye njia yenye vituta vilivyofuatana kama mikunjo ya bati, tela lilikuwa linaruka lote, na nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta droo mbili zimetoka, skrubu zimetapakaa na mguu wa jiko umekatika. Nilitoa majani mawili, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwenye kila springi, nikafunga shokapu, na siku hizi kabla ya kuingia njia ya namna ile napunguza upepo wa tairi za tela kutoka pauni 35 hadi 22. Nadhani hilo la upepo pekee limeniokolea vitu vingi kuliko chuma chochote nilichoongeza.

Vumbi lilinitia uchungu zaidi, maana liliingia kitandani. Nilidhani linaingilia mbele. Kumbe nyuma ya tela linalokwenda hewa huwa nyembamba, na hapo ndipo vumbi huvutwa ndani kupitia kila upenyo wa kifuniko. Usiku mmoja niliweka taa kali ndani, nikafunga kila kitu, nikazunguka gizani. Mistari ya mwanga ilionekana kwenye pembe zote mbili za chini za kifuniko, na mmoja mwembamba kama uzi kando ya bawaba. Niliweka mipira miwili badala ya mmoja, mmoja ndani ya mwingine, nikaongeza kitasa cha kubana kwenye kila pembe. Kisha, mbele, nikatoboa tundu lenye chujio linalopokea upepo tela likiwa mwendoni, ili hewa ya ndani isukume kwenda nje. Safari iliyofuata nilipitisha kidole juu ya mto. Kilitoka safi.

Unyevu niliugundua asubuhi ya baridi. Nilifungua macho nikaona juu yangu, kwenye dari, safu za matone madogo yaliyopangika kwa mpangilio wa ajabu. Nilikaa nikiyatazama mpaka nikaelewa: kila tone lilikuwa chini ya kichwa cha skrubu. Skrubu zilikuwa zimepita hadi kwenye alumini ya nje, zikaleta baridi ndani, na pumzi za watu wawili zikageuka maji hapohapo. Chini ya godoro ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Plaiwudi ilikuwa imelowa kabisa. Nilizibadilisha skrubu za dari kwa fupi zinazoishia kwenye taruma. Chini ya godoro nikaweka chaga ili hewa ipite, nikafungua tundu moja chini karibu na miguu na feni ndogo juu karibu na kichwa. Feni inakwenda usiku kucha kwa kasi ya chini, hata baridi ikiwa kali. Watu hutaka kufunga kila kitu ili wapate joto, na hapo ndipo wanapolala kwenye maji.

Njia bado inalegeza nati, na hilo sidhani kama kuna anayeliweza. Nimeweka nati za kujifunga zenye mpira ndani popote ilipowezekana, na juu ya kila nati nimechora mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Jioni, kabla ya kuwasha jiko, nalizunguka tela na tochi. Mstari ukiwa umenyooka naendelea. Ukivunjika natoa spana. Nagusa na kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja: kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi inataka grisi. Safari iliyopita, siku tatu za mawe na mchanga, niliikuta mistari yote imenyooka isipokuwa mmoja, kwenye bawaba ya mlango wa kushoto. Niliikaza nati robo mzunguko, nikafuta mstari wa zamani kwa kitambaa, nikachora mpya.