Ukuta wa matundu

Kila aliyeliona tangi lile kabla halijatiwa maji aliuliza swali lilelile: mbona fupi? Urefu wake ulikuwa sentimita 150, upana 60, na kimo 45 basi. Watu wamezoea matangi ya samaki yaliyokwenda juu, na hayo ndiyo yanayouzwa yakiwa tayari. Hili nililichora mwenyewe nikampelekea fundi vioo, na nililichora hivyo kwa ajili ya wapangaji niliowakusudia. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa mbali wa sato na perege, wengi wao hawagombanii maji, wanagombania ardhi. Mmoja anamiliki jiwe, mwingine gamba la konokono, mwingine kiwanja cha mchanga kisichozidi sahani, na kila mmoja humfukuza anayepita. Kimo hakiwasaidii kitu. Sakafu pana ndiyo inayopunguza ugomvi.

Kioo kilikuwa cha milimita 12, kwa hiyo tangi tupu lilipita kilo 80. Likijaa hadi ukingoni linameza lita 405, na kila lita ya maji ni kilo moja. Weka mawe, weka mchanga, weka meza ya chuma iliyolibeba, umeshavuka nusu tani kwenye kona moja ya sebule. Hesabu hiyo ilikuwa imeninyima usingizi kidogo, nakiri, ingawa maungio ya silikoni yalikuwa yamekauka vizuri na tangi lilikuwa limeshajaribiwa kwa maji likashika bila kuvuja hata tone.

Ndipo Mjomba alipokuja kututembelea. Ni kaka yake mama, mwashi aliyestaafu. Amejenga nyumba, visima, makaro na kuta za kuzuia udongo usiporomoke, na mpaka leo akiingia nyumba ya mtu macho yake hukimbilia kwanza pembe za dari. Samaki anawajua wa mezani. Nilimwamkia, akaitikia, akapewa maji ya kunywa, na bilauri haijafika nusu alikuwa ameshainama kuchungulia miguu ya meza.

“Mpwa wangu, pima maji unayo?”

Nilikuwa nayo. Akailaza juu ya ukingo wa kioo, akangoja lile povu dogo litulie ndani ya mrija wake. Likatulia upande wa kushoto, nje kidogo ya mstari. Sakafu ya sebule ilikuwa na mteremko ambao kwa miaka yote hakuna kiti wala kabati lililoulalamikia. Kwa tangi ni jambo jingine: meza ikikaa upande, kioo cha chini hujipinda kwa uzito, na anayeumia ni muungio wa silikoni kwenye pembe moja, kimyakimya, mpaka siku atakapochoka. Mjomba hakuhitaji kuelezwa hayo. Alikata vipande vya bati nene, akavisukumiza chini ya miguu miwili ya meza (chini ya meza, si chini ya kioo, kwenye kioo tulikuwa na godoro jembamba la povu linalomeza mikwaruzo), na hakusimama mpaka povu la pima maji lilipokaa katikati.

Nilidhani amemaliza. Akauliza, “Na yale mawe kule nje?”

Yalikuwa mawe ya ukuta niliotaka kuujenga ndani ya tangi. Miamba ndiyo mji wenyewe wa samaki hawa. Nilimweleza kwamba ziwa lile lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, ila oksijeni inapatikana sehemu ya juu tu. Huko chini gizani samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo sikilidi niliowataka hukaa kandokando, kwenye miamba na mchanga wa karibu na pwani.

“Kumbe,” alisema Mjomba, “nyumba yote kubwa hiyo, wao wanaishi barazani.”

Tukatoka nje. Alichukua jiwe, akalikwaruza kwa msumari mpaka likatoa unga mweupe, akaniomba siki. Nilikuwa najua jaribio hilo kwa sababu ya samaki. Yeye alilijua kwa sababu ya chokaa. Tone lilipogusa unga, vikatokea vipovu vidogo vikichemka pembeni mwa mkwaruzo, vikafa. Jiwe la chokaa. Hilo nililitaka, maana maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, pH yake (kipimo cha uchachu, kinachopanda uchachu unapopungua) inakaribia 9, na mawe ya chokaa husaidia maji yasiteremke kuelekea uchachu. Jiwe lililofuata halikuchemka. Si baya, granaiti haidhuru mtu, ila haichangii kitu. Akayatenga mafungu mawili, na la tatu la mawe aliyoyaita “ya kutupa” kwa sababu zisizohusu samaki hata kidogo: hayakuwa na uso, yaani upande bapa wa kukalia.

Aliporudi ndani alitaka saruji. Kidogo tu, alisema, ya kushikia. Nikamwambia hapana. Saruji mbichi huachia chokaa kali majini na kupandisha pH ghafla kupita hata wanayoizoea samaki hawa, na kuilowesha mpaka itulie ni kazi ya majuma. Mjomba aliniangalia kama mtu aliyeombwa kupika bila moto. Kisha akavua saa.

“Basi tutajenga kavu. Lakini utanyamaza.”

Nilinyamaza kwa muda. Alitandika karatasi nene ya plastiki juu ya kioo cha chini, akaanza na mawe makubwa kuliko yote, kila moja likikaa juu ya sakafu moja kwa moja. Hapo tulikubaliana bila maneno, kila mtu kwa sababu yake. Yeye hajengi juu ya mchanga. Mimi nilijua kwamba samaki hawa ni wachimbaji. Ukitanguliza mchanga kisha mawe, watachimba chini ya jiwe mpaka liwaangukie wao au kioo. Kwa hiyo mawe kwanza, mchanga baadaye, umwagwe kuyazunguka.

Kumwangalia akipanga ilikuwa raha. Kila jiwe alilizungusha mkononi mara kadhaa kabla halijateremka tangini, akilitafutia tumbo na mgongo. Kila moja lilikaa juu ya mawili, maungio yasifuatane wima. Kila baada ya hatua alilaza jiwe refu lililoingia ndani kushika ya mbele na ya nyuma. Ukuta ulianza mpana chini ukapungua kwenda juu, na haukugusa kioo cha nyuma: aliacha nafasi ya ngumi moja. Mimi niliihitaji nafasi hiyo ili maji yapite na uchafu usijikusanye. Yeye alisema tu kwamba ukuta unaoegemea ukuta mwingine haujajengwa. Kila jiwe lilipogusa kioo, hata kwa mlio mdogo, nilifumba macho.

Kisha nikafungua mdomo. “Mjomba, nahitaji matundu.”

“Matundu gani?”

“Mapango. Nyufa. Samaki wanaingia humo, wanataga humo.”

Alikuwa ameshika kijiwe mkononi, tayari kukipachika kwenye mwanya kati ya mawe mawili, na akabaki nacho hivyohivyo hewani. Maisha yake yote ya kazi ameyatumia kuziba. Mwanya kwenye ukuta ni njia ya panya, ya maji, ya nyoka, na ni fedheha ya fundi. Sasa mpwa wake anamwambia aache mianya, tena mingi, tena kwa makusudi.

“Wa ukubwa gani?” aliuliza hatimaye.

Nikamweleza kuhusu Julidochromis ornatus, samaki mwembamba wa manjano mwenye mistari mitatu myeusi ubavuni, anayeishi kwenye nyufa na kutembea tumbo likiwa limeelekea jiwe. Jiwe likiwa juu yake, huogelea kichwachini miguu juu, angekuwa na miguu. Mayai huyabandika kwenye dari ya pango. Mlango wa vidole viwili unamtosha. Lakini asiwe na mlango mmoja tu: samaki mnyonge akifukuzwa hadi ndani na hana pa kutokea, asubuhi utamkuta mapezi yamechanika, au hutamkuta.

“Mlango wa mbele na wa uani,” alisema Mjomba.

“Ndiyo.”

“Ungesema hivyo tangu mwanzo.”

Akabomoa karibu nusu ya alichokijenga. Kuanzia hapo alifanya kazi tofauti kabisa, polepole, akipima kila mwanya kwa vidole vyake viwili, kisha akinuna kwa sababu vidole vyake ni vinene, akaniita nipime kwa vyangu. Alikuwa akiangaza tochi upande mmoja na kunituma nikatazame upande wa pili kama mwanga unatoka. Ukitoka, anaitika kwa mguno. Usipotoka, jiwe linarudi juu. Kwenye kona ya kulia, jiwe moja lilikatika pembe, likaacha ufa mwembamba, mrefu, usio na umbo. Hakuupenda. Alitaka kulitafuta jiwe jingine, lakini mawe yenye uso yalikuwa yamekwisha, na giza lilikuwa linaingia.

“Huo uuone kama haupo,” aliniambia.

Alipomaliza aliupiga ukuta kofi, kofi la kweli, akaniamuru nichague jiwe lolote la juu nilisukume. Halikucheza.

Mjomba aliondoka kabla hata tangi halijatiwa samaki. Kumwaga mchanga na maji ni kazi isiyo na hadithi, na kungoja ndiko kusikokuwa na hadithi zaidi. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huhitaji majuma kadhaa kujijenga kwenye chujio, na kwa tangi la namna hii haraka haina msamaha, kwa kuwa amonia huzidi kuwa sumu kadiri pH inavyopanda. Nilipima maji, nikangoja, nikapima. Wageni waliendelea kuuliza samaki wako wapi.

Wa kwanza kuingia walikuwa Neolamprologus multifasciatus, ambao wafugaji huwaita multi. Boulenger, mtaalamu wa samaki, aliwaelezea kisayansi mwaka 1906, na ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote: dume hafiki sentimita 5. Kule ziwani huishi ndani ya magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma, na mimi niliwatawanyia magamba upande wa kushoto, kwenye mchanga mtupu, nikiyapanga vizuri yapendeze macho. Hawakuulizana. Jike mmoja, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, alikamata mchanga mdomoni, akaupeleka umbali wa shibiri moja, akautema, akarudi. Mwingine alijilaza kando ya gamba na kutikisa mwili mzima mpaka mchanga ukapeperuka kutoka chini. Kufika jioni ya siku ya pili gamba lilikuwa limezama na mdomo wake tu ndio umebaki ukitazama juu. Pembeni mwa ukuta wa Mjomba walichimba mpaka plastiki ikaonekana. Mawe hayakusogea hata unywele.

Julidochromis walikuja baadaye. Nilikaa mbele ya kioo nikawatazama wakikagua ukuta. Walipita tundu moja baada ya jingine, yale ya vidole viwili, yenye mlango wa mbele na wa uani, yaliyopimwa kwa tochi. Waliingia, wakatoka. Jozi ilipopatana, dume na jike walihamia kwenye ufa wa kona ya kulia, ule wa jiwe lililokatika pembe, na hapo wakaweka ulinzi hata multi hawakuthubutu kukaribia. Muda si mrefu, kwa tochi, niliyaona mayai yamebandikwa juu kabisa mwa ufa.

Nikampigia Mjomba simu. Shikamoo na habari za nyumbani zilipokwisha, nikamweleza.

“Ufa upi?”

“Ule wa kulia. Ulioniambia niuone kama haupo.”

“Na yale matundu yote niliyokutolea jasho?”

“Wanayapita tu, Mjomba. Wanaangalia wanaondoka.”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema ningemruhusu saruji, hata ya kujaza kijiko, ufa ule angeuziba siku ileile na hao wachumba wangelala nje. Akataka picha. Nikamuuliza ya mayai au ya samaki, akasema hana haja na samaki, nimtumie ya ukuta.

Nilimtumia. Jibu lilirudi haraka: jiwe la juu, la tatu kutoka kulia, halikai alivyoliacha. Nani ameligusa?