Dakika kumi na saba baada ya adhana ya magharibi

Kila mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, taa za sikukuu zinapoanza kuning'inizwa kwenye milango ya maduka ya Barabara ya Samora, kwenye minazi ya hoteli zinazotazama bahari na kwenye makanisa ya Kivukoni, mimi huitoa tripodi yangu, kile kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera, chini ya kitanda, nikaipangusa chumvi ya mwaka uliopita na kuanza kuhesabu jioni zilizobaki kabla ya Mwaka Mpya. Huu ni mwaka wa sita tangu nianze kupiga picha za taa hizi kwa kuacha shata, yaani kile kilango cha ndani ya kamera kinachoingiza mwanga, wazi sekunde nyingi. Katika miaka miwili ya mwanzo sikupata hata picha moja niliyothubutu kuitundika ukutani, na sababu yake ilikuwa moja tu: nilikuwa nachelewa.

Nilidhani picha za usiku hupigwa usiku. Nilikuwa nikitoka kazini, nikala, kisha nikafika kwenye Sanamu ya Askari, pale iliposimama tangu mwaka 1927, saa 1:30 au saa 2:00 usiku, giza likiwa limekwisha kushika. Niliporudi nyumbani na kuzitazama picha zangu, nilikuta balbu zimetapakaa kama punje juu ya kitambaa cheusi, majengo hayana kingo, na mtu asingeweza kujua kama nilikuwa Dar es Salaam au kwenye chumba kilichofungwa. Nikiongeza sekunde ili sanamu ionekane, balbu nazo ziliungua zikawa madoa meupe yasiyo na rangi. Kamera haiwezi kubeba kwa pamoja mwanga mkali wa balbu na weusi wa anga la saa mbili usiku, na kuongeza sekunde hakupunguzi tofauti hiyo, kwa kuwa vyote viwili huongezeka sawia.

Kinachopunguza tofauti hiyo ni utusitusi, yaani ule muda jua limekwisha kuzama lakini anga bado lina nuru ya buluu iliyokolea. Kwa mpiga picha, anga la namna hiyo ni taa kubwa isiyo na kivuli, inayoangaza kuta, miti na barabara kwa upole huku balbu zikiwa tayari zimeanza kutawala. Tatizo letu sisi tunaoishi digrii chini ya saba kusini mwa ikweta ni kwamba jua huzama karibu wima, hivyo nuru hiyo haikai. Mwishoni mwa Desemba jua huzama hapa kama saa 12:38 jioni. Buluu ninayoitafuta huanza kama dakika 14 baadaye, na inapofika dakika ya 31 imekwisha. Ni dakika kumi na saba tu, ambapo mpiga picha wa London katika mwezi huohuo hupata karibu mara mbili yake, kwa kuwa kwao jua huteremka kwa kulalia upande. Kwa makadirio yangu, nuru ya anga letu wakati huo hupungua nusu kila baada ya dakika tatu hivi.

Saa yangu ya kazi hii ni adhana. Muadhini wa magharibi anapoanza, mimi huwa nimekwisha kusimamisha tripodi, nimefunga kamera juu yake na nimezima kile kifaa cha ndani ya lenzi kinachotuliza mtikisiko wa mikono, ambacho kamera ikiwa imetulia juu ya tripodi huweza kuleta mtikisiko badala ya kuuondoa. Tangu hapo nina takriban robo saa ya kujipanga, na adhana ya isha inaposikika, nimekwisha kufunga mkoba.

Kwa hiyo nilijiwekea kanuni ambayo sijaivunja tangu hapo: jioni moja, mahali pamoja. Foleni ya Dar es Salaam ya wiki ya Krismasi haimruhusu mtu kupiga picha Kivukoni kisha akawahi Oysterbay ndani ya dakika kumi na saba. Mimi hupatembelea mahali hapo mchana wa siku iliyotangulia, nikaangalia nguzo za umeme zinapita wapi na jua litazama upande gani, ili niutumie vizuri mwanga wa upande wa magharibi.

Namna yangu ya kupima ni rahisi. Balbu hazibadiliki, anga ndilo linalobadilika. Hivyo huanza kwa kutafuta sekunde zinazofaa kwa balbu peke yake, nikiwa kwenye ISO 100, yaani kamera ikiwa na wepesi mdogo wa kuhisi mwanga, na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), na mara nyingi huishia kwenye sekunde 4 hivi. Nikishazipata siziongezi wala sizipunguzi. Napiga picha ileile kila baada ya dakika moja huku anga likishuka lenyewe, kutoka kwenye weupe uliozidi hadi kwenye weusi uliozidi, na mahali fulani katikati nuru ya anga na ya balbu hukutana. Bado siwezi kutabiri ni dakika ipi hasa, kwa sababu mawingu ya Desemba hubadili kila kitu, na kwa kweli kungojea huko ndiko ninakokupenda kuliko kazi nyingine zote za kamera.

Jioni ya mkesha wa Krismasi mwaka juzi nilisimama upande wa bahari, nikilitazama Kanisa la Azania Front, lile la kuta nyeupe na vigae vyekundu lililojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1898. Nilitaka magari yaache michirizi ya mwanga mbele ya kanisa, na sekunde 4 hazikutosha, kwani daladala ilikuwa inakatika katikati ya picha. Nililiziba tundu la lenzi hadi f/11, jambo linalopunguza mwanga nusu, nikaongeza muda hadi sekunde 8, na balbu zikabaki vilevile huku daladala ikivuka picha yote. Basi kubwa huacha mkanda mpana, bajaji huacha mistari iliyokaribiana, na bodaboda huacha uzi mmoja mwekundu unaopindapinda kufuata jinsi dereva alivyokwepa mashimo. Watu waliokuwa wakitembea kwenda ibadani walitoweka kabisa, kwa sababu hakuna aliyekaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuandikwa. Mama mmoja tu alibaki, aliyekuwa amesimama kumfunga mwanawe mkanda wa gauni, na nadhani bila yeye picha ile ingekuwa ya jengo na magari tu.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina mambo yake. Taa zake huwaka mwaka mzima, lakini wakati wa sikukuu nuru za jiji lililo ng'ambo huongezeka, na maji yakijaa, sekunde 15 au 30 huyalainisha yakawa kama kioo kilichofutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Ni lazima kwanza kuangalia majira ya maji, kwa sababu yakitoka utapiga picha ya tope. Ukisimama juu ya daraja lenyewe, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kila lori linalopita hulitikisa na kila taa hugeuka kamkia. Mimi nimeacha kabisa kupigia pale, nasimama ufukweni.

Rangi nazo zinataka uangalifu. Taa nyekundu ya LED ikizidishiwa mwanga kidogo tu hugeuka ya njano, kisha nyeupe, na hakuna programu itakayoirudisha, hivyo ni afadhali picha iwe na giza kidogo, na ihifadhiwe katika mfumo wa RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijachakatwa. Taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu hazina shida: shata ikikaa wazi kwa muda mrefu kuliko mzunguko wao, zote huonekana zinawaka. Wapo wanaovuta lenzi huku shata ikiwa wazi ili taa zigeuke mishale. Mimi sipendi, huwezi tena kujua ulikuwa mbele ya jengo gani. Na kwa joto letu, kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi papo hapo, kwa hiyo mkoba wangu hukaa barazani tangu alasiri.

Picha ninayoipenda kuliko zote niliipata Desemba iliyopita mbele ya jengo la ofisi lenye mti mkubwa uliozungushiwa taa za manjano. Mlinzi, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, alinifuata kabla sijafungua tripodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa hapapigwi picha, mwanangu, mpaka niulize."

Akapiga simu, akarudi na kuniambia nipige mti peke yake, nisipige mlango. Nikamshukuru, nikangoja. Lakini taa zake zilipangiwa kuwashwa saa 1:00 kamili, dakika 22 baada ya jua kuzama, na ziliponikuta nilikuwa nimebakiwa na dakika tisa za buluu, ambazo niliziteketeza kwa kutafuta sekunde za balbu. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera jinsi anga lilivyokuwa likipotea kutoka picha moja hadi nyingine. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kesho njoo. Nitaziwasha kabla sijaenda kuswali."

Kesho yake niliikuta mitaa imelowa mvua na taa zinawaka tangu saa 12:35. Nilipiga picha kumi na moja. Katika ya saba, anga lilikuwa na buluu ya kanga iliyofuliwa mara nyingi, lami imeyabeba manjano yote ya mti, na mzee, aliyekuwa amerudi kutoka msikitini, alikuwa amesimama pembeni akizitazama taa zake bila kutikisika kwa sekunde zote nne. Nilimwomba ruhusa ya kuichapisha picha ile yeye akiwemo, akakubali, nami nikampelekea nakala yake siku ya pili. Alichokiona kwanza ni balbu moja ya juu iliyoungua. Alisema angeibadilisha kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya.