Siku ya uchaguzi wa wazazi shuleni kwetu, Mwakirunge

Saa 10 alfajiri

Nshaamka. Donge la mahamri nilikanda jana usiku, sai limeumuka mpaka linasukuma kifuniko. Nawasha jiko, nakamua tui la mbaazi, jiko lote linanuka iliki. Watu wakisikia Mombasa wanafikiria kisiwani, feri na Nyali, lakini huku kwetu Mwakirunge ni shamba, mihogo, minazi, mbuzi barabarani, na upepo ukigeuka moshi wa jaa la taka unaingia mpaka chumbani. Na ni Kaunti ya Mombasa hiyohiyo.

Nakaanga lakini akili haiko kwenye karai. Leo ni mkutano wa wazazi wa mwaka na kuna uchaguzi. Mie miaka 3 hii nimekuwa mmoja wa wazazi 6 kwenye bodi ya shule, ile BOM, nimekaa kwenye kamati ya fedha. Kitinda mimba wangu yuko gredi ya 9, akimaliza sitakuwa tena mzazi wa pale, na muhula wa bodi nao umefika mwisho, kwa hivyo leo natoka. Kinachoninyima usingizi ni nani anaingia.

Saa 12 na nusu

Niko kwa meza yangu pale njia panda, vijana wa boda washakula, walimu wawili wamepita na mifuko yao. Akaja shoga yangu anayeuza mihogo, ana watoto watatu pale shuleni, na ni mtu ambaye akikurudishia chenji anaihesabu mara mbili. Nimemsumbua tangu Januari asimame. Leo tena akaniambia, "Dada, mie niliishia darasa la sita, hedi, mwalimu mkuu, akinianzia Kizungu ntasemaje?"

Nikamwambia miaka yote mitatu swali nililouliza kuliko lolote ni "risiti iko wapi?" na hilo halihitaji Kizungu. Akanyamaza, akachukua mahamri yake manne, akaenda. Sikujua kama amekubali.

Saa 2

Nyumbani. Naoga, natoa faili langu chini ya kitanda. Nataka nieleze hesabu moja leo na nataka kila mtu aielewe, hata bibi anayelea wajukuu. Mtoto mmoja wa shule ya msingi ya serikali ametengewa shilingi 1,420 kwa mwaka (wale wa junia sekondari wana yao, 15,042). Hamri langu ni shilingi 10. Kwa hivyo mtoto mmoja mwaka mzima, daftari, chaki, stima, maji, bawaba ya mlango wa choo, ni mahamri 142. Na pesa yenyewe haiji siku moja, inakatwa kwa mihula, nusu yake muhula wa kwanza, kisha asilimia 30, kisha 20, na ikichelewa mlinzi na mpishi wanaidai bodi, maana hao ni wafanyikazi wa bodi, si wa TSC, ile tume inayoajiri walimu. Pesa ndogo hivi ndo inatakiwa ichungwe kuliko kubwa, kila shilingi ikipotea kuna daftari la mtoto limepotea.

Saa 4

Mkutano uliandikwa saa 3. Saa 4 kuna wazazi labda ishirini chini ya mwembe, kina mama wamekaa kwa leso zao huku nyuma, wanaume wamechukua viti vya mbele. Sikushangaa. Ila saa 5 kasorobo watu walianza kumiminika, wengine wametoka shambani na majembe yao, mpaka viti vikaletwa kutoka madarasani.

Kuna jambo moja nataka wazazi wa shule zingine wasome vizuri hapa. Kila mara uchaguzi ulikuwa unawekwa mwisho wa ajenda. Ripoti ya hedi, hotuba ya mdhamini, hotuba ya mgeni, zawadi, halafu uchaguzi saa 8. Na saa 8 kina mama wameenda kupika na kuchota maji, wanaobaki ni wale wanaume kumi na tano ambao hawana haraka, basi hao kumi na tano ndo wanawachagulia wazazi wote bodi ya miaka mitatu. Hakuna aliyeiba kura, ajenda tu imepangwa hivyo. Kwenye kikao cha mwisho cha bodi nlisema sitoki humu mpaka uchaguzi uwe nambari 3. Tulibishana, tukakubaliana, na kwa sababu hedi ndiye katibu wa bodi kisheria na ndiye anayeandika kumbukumbu, nilisubiri mpaka nikaiona imeandikwa ndo nikaondoka. Anayeshika kalamu ana nguvu, wazazi wengi hawalijui hilo, wanapitisha kumbukumbu za kikao kilichopita bila kuzisoma.

Saa 5

Dua, wimbo wa taifa, ripoti. Nikapewa dakika zangu nikasema hesabu ya mahamri 142 na watu walinyamaza kimya, bibi mmoja mbele akarudia "mia na arubaini na mbili" akitikisa kichwa. Hapo baba mmoja akasimama kwa hasira, watoto wa gredi ya 4 mwaka juzi walitozwa pesa za madawati, hakupewa karatasi yoyote na dawati hakuliona. Ni kweli, ilifanyika, na iliniuma nilipojua. Nikamsomea kutoka kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mchango wowote ni mpaka uidhinishwe wizarani, hakuna mtu kukusanya bila kutoa risiti rasmi, na hakuna mtoto kufukuzwa shule kwa kukosa kuulipa. Yule baba akaomba nirudie. Nikarudia.

Ikafika nambari 3. Mtu mmoja meza kuu akasema tungoje kidogo, mgeni yuko njiani, uchaguzi uje baada ya mgeni. Nlihisi damu inapanda. Nikasimama nikasema ajenda imepitishwa na imeandikwa, mgeni akija atatukuta tukipiga kura na tutamkaribisha vizuri. Kina mama kule nyuma wakapiga makofi. Uchaguzi ukaendelea.

Sasa jinsi ya kupiga kura. Kijana mmoja akapendekeza tusimame foleni nyuma ya tunayemtaka, eti ni haraka. Mzee mmoja, yeye ni babu, analea wajukuu wawili baada ya mwanawe kufariki, akainuka na bakora yake, "Mlolongo? Mlolongo wa '88 mie nlikuwako. Mwenye foleni ndefu alitangazwa ameshindwa, mwenye fupi akaenda bungeni. Hapa mlolongo hapana." Wadogo hawakuelewa, ikabidi awaeleze vile Wakenya walipangwa uwanjani mchana kweupe kila mtu akimwona mwenziwe yuko nyuma ya nani, tajiri wako, chifu wako, wote wanakuona. Akauliza, "Mke wa mtu atasimama nyuma ya nani hapa, mumewe akiwa amesimama kwingine?" Hakuna aliyemjibu. Tukaenda kwa karatasi.

Mwalimu akachana daftari, karatasi ndogondogo, zikahesabiwa na kugongwa muhuri wa shule mojamoja. Sanduku lilikuwa ndoo ya maji yenye kifuniko, ikapinduliwa mbele ya watu waone haina kitu. Wagombea walikuwa 9 wa nafasi 6, na hapo nlishika pumzi, kwa sababu wa 9 kusimama, wa mwisho kabisa, alikuwa shoga yangu wa mihogo, leso kaifunga kiunoni, anaangalia chini. Kila mgombea akapewa namba ubaoni badala ya kuandika majina, maana kuna wazazi hawakusoma lakini anayejua pesa anajua namba. Asiyeweza hata hiyo aliandikiwa na mwanafunzi wa gredi ya 8 aliyeteuliwa, wako wawili pembeni, mbali na watu.

Kuhesabu ndo kulichukua muda. Mwalimu anasoma, mwingine anachora vijiti ubaoni, vinne halafu cha tano kinakatiza, na watoto wamejazana madirishani. Namba 9 ilianza polepole sana, vijiti viwili, vitatu, nkawa nasoma dua moyoni, halafu ikafika fungu la karatasi za wale walioketi nyuma. Namba 9, namba 9, namba 9. Akamaliza wa nne kati ya sita.

Mgeni hakufika.

Saa 8

Baada ya adhuhuri wazazi waliobaki waligawanyika kwa madarasa, kila darasa likatoa mwakilishi wake wa chama cha wazazi, na hao wakachagua mwenyekiti wao. Hii ilienda haraka. Watu wengi wanachanganya hivi viwili kwa hivyo niseme, chama cha wazazi ni kila mzazi mwenye mtoto pale, bodi ni kitu kingine. Bodi ina hao wazazi 6, mwakilishi wa walimu, watatu wa mdhamini, mmoja wa bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalum ya jamii, mmoja wa wenye mahitaji maalum, na mwanafunzi mmoja. Halafu mwenyekiti wa chama cha wazazi na wenzake wawili wanaingizwa humo. Sheria inataka wakutane angalau mara moja kila miezi minne. Ikipita minne na hujasikia kikao, uliza.

Saa 10 jioni

Kuchaguliwa chini ya mwembe peke yake hakutoshi, majina yanapelekwa bodi ya elimu ya kaunti ndo wateuliwe rasmi, na yakikaa bila vitambulisho yanarudi, au yanarudi yamebadilika. Kwa hivyo nlikaa na hedi tukaandika orodha, idadi ya kura mbele ya kila jina, wasimamizi wa kura wakatia sahihi, nikapiga picha na simu. Sikumshuku mtu yeyote. Hata hedi alisema ni vizuri, naye anataka nakala. Nikapanda boda mpaka Kiembeni kutoa kopi za vitambulisho vya wote sita.

Saa 12 na nusu

Magharibi. Wali na mchicha. Mwanangu ananiuliza kama nimehuzunika kutoka, nikamwambia ndio, kidogo.

Saa 3 usiku

Hodi. Shoga yangu na tochi ya simu. Hakutaka chai, alitaka faili. Tukakaa mkekani nikamfungulia mwaka wa pili, nikaweka vocha mbili za malipo mbele yake bila kusema kitu. Akazisogeza karibu na mwanga. Alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, muda mrefu, mpaka nkadhani amekwama. Halafu akasema, "Hili bowza la maji limelipwa mara mbili. Tarehe ni hiyohiyo."

Na ndivyo ilivyokuwa, maji yalikuja mara moja, vocha ziliandikwa mbili, kosa hilo nlilipata baada ya miezi miwili na tukarudisha pesa kwa kumkata muuzaji kwenye bowza lililofuata. Mie lilinichukua miezi miwili, yeye dakika chache.

Akaniuliza mwaka wa tatu uko wapi. Nikamwambia ngoja kwanza nikande donge, akasema kanda, mie naendelea kusoma.