Kwa Sasa

Mjomba alikichukua kisu nilichokibandika mpini upya kwa gundi ya utomvu niliyoipika mwenyewe, akakigeuza, akauvuta mpini mara mbili. "Umeshika," akasema. "Kwa sasa." Akakirudisha mezani, akaendelea na chai yake.

Leo siku ya nne. Kwa sasa! Nilimjibu, "Asante mjomba," na tangu hapo kila nikiosha vyombo napata jibu zuri zaidi. "Na wewe umeshika mpaka lini?" Hilo nalo ningelisema lini, na kwa mdomo gani?

Alinipisha mwenyewe nikienda Lendu kwenye misonobari, Jumamosi nzima nikibandua madonge ya utomvu yaliyoganda pale matawi yalipokatwa zamani. Gome zima sikuligusa. Kopo la kwanza niliunguza: moto mkali, moshi mweusi, gundi ikawa inavunjika kama biskuti. La pili nililiweka pembeni ya sigiri, likayeyuka taratibu. Nikachuja kwa kitambaa kuondoa vipande vya gome na sisimizi, nikatia makaa yaliyosagwa, kijiko kimoja kwa vitatu vya utomvu, na kidonge cha nta ya nyuki ili isiwe kavu mno. Nikaimimina kwenye tundu la mpini, nikazamisha mkia wa kisu. Vidole nilivitoa kwa mafuta ya kupikia, maana sabuni haikufua dafu.

Dada ametolewa mahari, transfoma ya mtaa imelipuka tena, na mimi nawaza kisu.

Jana nikakisahau karibu na sigiri. Nilipokishika, mpini ukateleza wenyewe, gundi laini kama ugali wa moto. Nilicheka peke yangu jikoni. Mzee alijua! Gundi hii ikipata joto hulegea. Lakini nikaipasha kidogo tu, nikabana, na kabla maharage hayajachemka kisu kilikuwa kigumu tena. Ile ya dukani ikishaachia, kazi yako ni kukwangua.

Nikiwa bado nimekibana ndipo nikakumbuka. Mkataba wangu ulipokwisha, nikafika kwake na begi moja, alinifungulia chumba cha nyuma akasema, "Kaa hapa kwa sasa." Huu mwaka wa sita, na juzi amenibadilishia kitasa.