Panya kala Mkeka

Mkeka ni nyoka wangu, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojiviringisha kama mpira wakiogopa. Jina nilimpa sababu ya mabaka yake ya kahawia na dhahabu, na mama alipomuona kwenye video kolu kutoka Tanga alisema tu "mwanangu, Marekani wamekufanyaje?" akakata simu.

Sasa Ijumaa moja nimetoka zamu hoi, nikapitia dukani nikanunua panya mzima, nikamtumbukiza kwenye tanki nikaenda kulala. Macho ya Mkeka yalishaingia ukungu, yaani anakaribia kujivua gamba, na akiwa hivyo chakula mara nyingi hana habari nacho. Nilijua kabisa. Nikajisemea atakula akisikia njaa. Kumbe mwenye njaa ni panya, maana hata punje moja sikumwekea.

Asubuhi namkuta panya kakaa juu ya kijumba cha Mkeka anajipangusa sharubu, katulia kama baba mwenye nyumba. Mkeka kajikunja kwenye kona, mgongoni ana shimo la upana wa kidole gumba, magamba hakuna, nyama nyekundu tupu, na karibu na mkia vidonda viwili vidogo. Watu wanadhani nyoka lazima ajitetee, wapi, asiyetaka kula anaweza kulala palepale huku anatafunwa.

Nikamtoa panya, nikakiosha kidonda kwa maji ya chumvi ya dukani, yale ya drip, halafu ayodini niliyoizimua mpaka ikawa rangi ya chai kavu nyepesi. Krimu za kuua maumivu za binadamu usiguse, zenye dawa za ganzi zinaweza kumdhuru. Maranda ya mbao yaliyokuwa chini kwenye tanki nikayatupa yote nikatandika tishu za jikoni, maana vile vipande vinaganda kwenye kidonda.

Daktari wa watambaazi alinitoza dola 260 na sikubisha. Kasafisha, kashona, kaniandikia krimu ya silva ya kuua vijidudu na sindano za antibayotiki kila masaa 72, nichome nusu ya mbele ya mwili tu, sababu damu ya huku mkiani inaweza kupitia kwenye figo kwanza na dawa ikapotea kabla haijafanya kazi. Sindano ya kwanza mkono ulinitetemeka kuliko yeye. Akasisitiza pia joto, upande wa moto wa tanki usishuke chini ya selsiasi 31, nyoka akipoa na kinga yake inapoa. Nyuzi za mshono zilikaa wiki sita, ngozi ya hawa inapona polepole, na kila akijivua ndio unaona nafuu. Pale kwenye kovu gamba la kwanza lilinasa, ikabidi nimloweke kwenye maji ya vuguvugu nilitoe taratibu kwa pamba.

Siku hizi namlisha panya wa friza. Namyeyusha kwenye friji usiku kucha, kisha maji ya moto kiasi mpaka apate joto la mwili, namshika kwa koleo namchezesha kidogo. Mara mbili za kwanza Mkeka aligeuza kichwa, ya tatu akamdaka.

Yule panya bado yupo. Roho ilinishinda, nikamnunulia keji, na mama akipiga simu anamuulizia yeye kwanza.