Maumivu ya viungo vyangu yamepata jina

Kwa miaka mingi hapa Moshi niliambiwa kwamba maumivu ya vidole vyangu yanaletwa na baridi ya mlimani, nami nikameza dawa za kutuliza tu. Daktari bingwa wa KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, ndiye aliyeniuliza mikono hukakamaa kwa muda gani asubuhi, swali ambalo nalishukuru hadi leo. Kukakamaa kunakozidi saa moja, uvimbe wa mikono yote miwili na vipimo vya damu vilithibitisha baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo na, usipotibiwa mapema, huharibu mifupa. Sasa ninatumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku. Ndugu mnaoamka na vidole vilivyovimba, tafadhali ombeni kupimwa.