Fremu ya nyenzo tano: kabari ya kwanza imefunga

Fremu ya modeli yangu ya kibanda cha ishara cha reli sasa imesimama. Nyenzo tano za chuma, yaani mikono ya kuvuta, zimejipanga juu ya ubao wa mvule, na chini yake kuna ile sehemu iliyonifanya nianze mradi huu, yaani mtambo wa kufungana, unaozuia wenzo usivutwe wakati si salama.

Kwa aliyejiunga leo: natengeneza modeli ya fremu ya kibanda cha ishara cha reli, vile vya kuendeshwa kwa mikono. Mwendesha ishara alikaa ghorofani akiona njia kupitia madirisha, akivuta nyenzo zilizounganishwa kwa nyaya na fito hadi kwenye ishara na pointi (reli zinazosogea kuihamishia treni njia nyingine) huko nje. Wengi wakipiga picha vibanda hivi hupiga paa na madirisha. Haya, ni mazuri, lakini ukining'olea chuma kilicho chini ya sakafu umebaki na nyumba tu.

Chuma bapa nilichukua kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi. Fundi aliyenikatia mapengo aliuliza, "Mzee, hii ni ya geti?" Nikamwonyesha kwa vidole. Wenzo namba 2 ni wa pointi, namba 4 ni wa ishara, na kila mmoja unasogeza chuma chake bapa. Katikati kuna kabari ndogo. Namba 2 ikiwa haijavutwa, kabari imekaa ndani ya pengo la namba 4 na kwa upande wa pili inagonga ukingo mzima wa namba 2, kwa hiyo ishara haivutiki hata ufanyeje. Vuta namba 2, pengo lake linakuja mbele ya kabari. Sasa ukivuta namba 4, mteremko wa pengo lake unaisukuma kabari iingie upande wa pili, na pointi zimefungwa pale pale. Treni ikishapewa njia, hakuna wa kuibadilisha chini ya magurudumu. Fundi aliivuta mara kadhaa, kisha akachukua tupa na kulainisha ule mteremko mwenyewe bila kuombwa.

Wazo hili lina umri. John Saxby alipata hataza yake Uingereza mwaka 1856. Ajali ya treni ya Armagh, Ireland, ya 1889 ndiyo iliyoharakisha sheria ya mwaka huo huo, iliyolazimisha reli za abiria kuwa na mitambo ya kufungana. Kwa hiyo reli yetu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kufika Nairobi 1899, jambo hili halikuwa geni kwa wahandisi Waingereza. Na reli mpya ya SGR ya 2017, pamoja na kompyuta zake, inafuata kanuni ile ile: hakuna taa ya kijani kabla pointi hazijafungwa.

Kwa wenzetu wa Uingereza, mwaka 2013 vibanda 26 viliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Kile cha Severn Bridge Junction, Shrewsbury, cha mwaka 1903, kina fremu ya nyenzo 180. Mia na themanini! Mimi na tano zangu natoka jasho.

Kilichobaki ni rangi: nyekundu kwa ishara za kusimama, njano kwa ishara za mbali (zinazotoa onyo mapema), nyeusi kwa pointi, buluu kwa kufuli la pointi. Halafu kifuniko cha kioo upande wa mbele, ili mtoto akivuta aone kabari ikihama. Mwenye kujua pa kupata kioo kigumu kwa bei ya Gikomba aseme.